Simu ya Kumgandisha Shemeji

"Na hii, picha yake inaganda?" msusi aliuliza.

Muuza simu akacheka. Wateja wake wote huuliza kama simu haigandi. Huyu mama alikuwa anauliza kinyume, tena kwa uso mkavu.

"Hiyo haishiki 4G, dada. Sauti utapata, ujumbe utapata ukiwa na subira. Ila ukipiga ya video utaona mtu kakodoa macho kama samaki wa kwenye barafu. Chukua hii nyingine. Rahisi ghali."

Msusi aliitazama hiyo nyingine. Ilikuwa nzuri, hakuna ubishi. Angewaonyesha wateja mitindo mipya hapo hapo kitini, badala ya kuwaelekeza kwenye bango la ukutani lililofifia. Na hela alikuwa nayo. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ndiye aliyemtumia kutoka ughaibuni, na maagizo juu: "Shemeji, nunua simu inayoshika vizuri. Kikao cha safari hii nataka nisikike."

Nataka nisikike! Kana kwamba kuna siku aliwahi kukosa kusikika. Tangu ahamie huko, yeye ndiye aliyeendesha vikao vya familia akiwa ndani ya kioo, simu ya mwenyeji imeegemezwa kwenye jagi la maji, na sheria ni zake: lisilopingwa limepita, na lililopita halirudiwi. Ndivyo lilivyokwenda shamba la marehemu. Siku linagawiwa, msusi alikuwa wodini na mtoto aliyetundikiwa dripu. Alipofika mbio kuweka pingamizi, shemeji alimjibu kwa upole wa kuudhi, "Umechelewa, shemeji. Lililopita halirudiwi." Maneno hayo alikuwa akilala nayo na kuamka nayo.

Sasa ilibaki nyumba, na chumba chake cha mbele ndimo alimosukia. Kikao cha Jumapili kilikuwa cha kuamua nani anabaki na nani anafungasha. Wifi yake, dada wa marehemu, alikwisha kupita kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Na wifi na shemeji ni chanda na pete, nani asiyejua?

"Yule wa upande wa pili atajua kosa ni la simu?" akauliza.

"Atalaumu mtandao. Kila mtu hulaumu mtandao."

"Basi nifungie hii mbovu."

Jumapili walikusanyika sebuleni kwa msusi. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti. Wifi alikaa karibu na dirisha, kwenye mapazia yake ya kesho. Simu ikaegemezwa kwenye jagi. Shemeji akatokea, akasalimia, akakohoa, akanyanyua mkono aanze kusema, akaganda. Mdomo wazi, jicho moja nusu.

Msusi alisikia raha ya kweli, ya kushuka mpaka kwenye visigino. Mtu aliyewaziba wenzake midomo miaka yote, leo kazibwa wa kwake, na simu ya kumziba kailipia mwenyewe. Alitamani marehemu angekuwapo aone.

"Tumsubiri," alisema baba mdogo. Ya kwake ilikuwa simu ya vitufe, haikuwa na msaada.

Lakini kusubiri kulikuwa hatari. Msusi alikuwa amelipanga jambo lake tangu dukani: aombe kidogo, aombe haraka, lipite kabla mtandao haujaamka. Akiomba nyumba nzima, wifi angeruka hapo hapo.

"Baba mdogo, mimi sina makubwa," akasema. "Naomba chumba cha mbele tu, nisukie na nilale na wanangu. Vilivyobaki namwachia wifi."

Alimwangalia wifi kwa pembe ya jicho. Wifi alikuwa na simu yake ya bei mbaya mkobani, ile inayoshika hata chini ya kitanda. Hakuitoa. Alitulia tuli kama maji mtungini.

"Kuna anayepinga?" baba mdogo akauliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Akainama, akakiuliza na kioo. Shemeji bado alikuwa kanyanyua mkono, mdomo wazi.

"Haya. Limepita."

Msusi akaisogelea simu mpaka pua yake ikakaribia kugusa ile sura iliyokodoa. "Umechelewa, shemeji," alisema taratibu, akilitafuna kila neno. "Lililopita halirudiwi."

Hata wifi alicheka.

Simu ikakatika yenyewe. Punde ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji, na nyuma yake duara dogo linazunguka, linazunguka, mpaka likakoma.

"Hizo ni hasira," alisema msusi. "Ngojeni tumsikie anavyolia." Akapandisha sauti mpaka mwisho, asikie baba mdogo, asikie na wifi, wasikie na majirani wakitaka.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, yenye usingizi bado.

"Shemeji, hii isikilize peke yako. Nakutumia alfajiri ili uipate kabla ya kikao. Lile shamba linaniuma mpaka leo. Leo nitasema nyumba yote ibaki kwako na watoto. Dada yangu nimeshamwambia, kanuna, lakini najua hatanipinga mbele ya watu. Ila ukiomba hata chumba, atakishika hicho hicho. Kwa hiyo usiombe kitu. Kaa kimya tu, shemeji, niachie mimi niseme."