Tope Lililokula Sumu

Msimulizi wa hekaya hii hajapata kujua kiumbe asiyeonekana kwa macho anawezaje kushiba sumu inayomuua kambare.

Dawa ya shambani ilitiririka kidimbwini, maji yakawa ya manjano kama binzari. Kambare akawa anahema kwa shida. Korongo, mpenda usafi, akamwambia, "Vumilia, jirani. Leo tunalizoa tope lote hili linalonuka."

Vijidudu wa topeni wakamsihi, "Bwana Korongo, sumu hiyo ndiyo chakula chetu. Tupe siku saba tuimalize."

"Kumbe ndiyo maana mnanuka!" Korongo akacheka. Ngiri, aliyeitwa na Korongo kusaidia, akalizoa tope pamoja na maji kidogo, akalimwaga kichakani.

Kidimbwi kikabaki na umanjano wake. Siku ya saba Kambare alielea, tumbo juu. Korongo akaenda kichakani bila kujua anatafuta nini, akayakuta yale maji kidogo juu ya tope, maangavu kabisa, bila umanjano.

Ikaamuliwa tope lirudishwe, angalau kwa ajili ya watoto wa Kambare. Ngiri alijitolea, lakini Korongo akamzuia. Akalirudisha mwenyewe, donge kwa donge, kwa mdomo wake msafi.