Maboga ya Mkunga

"Hata nyuki mmoja?"

"Hata wa dawa, jirani," alijibu mkunga mstaafu, akimfungulia lango huku akihema.

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. Moyoni alifurahi, na furaha hiyo ikamtia haya. Tangu mkewe afariki, sauti ya kwanza aliyoisikia kila siku ilikuwa ya redio, na ya mwisho ilikuwa ya redio hiyohiyo. Ndipo maboga ya mkunga, mjane mwenzake, yalipogoma kuzaa kwa kukosa nyuki. Naye, aliyezeeka akitunza bustani za mji, akaitwa. Kila asubuhi alikuja na brashi ndogo, akachukua chavua ya ua dume na kuipaka ua jike.

"Nimezalisha nusu ya mtaa huu," mkunga alimtania, "leo boga linanishinda!"

Kisha chai, na mazungumzo na mtu anayejibu. Nyuki wakirudi, hatakuwa na sababu ya kugonga lango lile. Alilijua hilo, lakini kazi yake hakuweza kuisaliti. Alimwambia asipulize dawa. Auache mrehani utoe maua, na kona moja ya udongo asiifagie wala kuilima, maana nyuki wengi wa porini hawana mzinga. Kila mmoja hujichimbia chumba chake, akaishi peke yake.

"Kama mimi na wewe tu," mkunga alisema. Wakacheka.

Mkunga alitekeleza yote. Yeye alikuwa na sharti moja: mzee asije kabla jua halijapanda, watu wasije wakasema. Wiki zikapita. Maua kila mahali, nyuki hola.

Siku moja mzee alitakiwa kliniki asubuhi na mapema. Ua la boga halimngoji mtu. Likifunguka alfajiri, adhuhuri limeshanyauka. Liwalo na liwe, akasema, akavunja sharti. Alikuta lango limeegeshwa tu, akaingia.

Mkunga alikuwa katikati ya maboga, ameyafunika maua yote kwa pazia kuukuu, anapunga upande wa kitambaa huku na huku. Bustani nzima ilikuwa ikivuma nyuki.

"Nendeni kwingine, wanangu, nawasihi," alikuwa akiwabembeleza. "Akiwakuta hapa, hatakuja tena."