Printa Isiyokula Karatasi

Siku hizi mzee akitolewa karatasi yenye jina lake na ofisi ya wilaya huchukuliwa, na hakuna aliyewahi kurudi. Mjukuu wangu Tunu ndiye anayezichapa. Printa yao ilikuwa ikikwama kila mara, ndiyo maana karatasi yangu haijatoka na mimi bado napika.

Jana alirudi kutoka kazini.

“Kitendawili,” nikamchokoza.

“Tega.”

“Akila karatasi, wazee hupona.”

“Printa yetu mbovu, Bibi.” Hakucheka. “Leo nimechagua mpya. Haili hata moja. Inamaliza mtaa mzima kabla chai haijapoa.”

“Si ungechukua ya polepole, mama?”

“Bosi alinisimamia.”

“Haya. Imefika mtaa gani?”

Tunu alitoka uani. Alianua kanga zangu kambani, akaanza kuzikunja taratibu, akizipanga ndani ya begi.