Chewa Mweusi wa Torleif

"Chewa wa kawaida tu huyu," alisema Torleif, akamnyanyua samaki kwa mkia tayari kumtupa baharini.

Mkewe, Borghild, nusura amwage kahawa. Petersburg nzima, huko Alaska, ilikuwa imemsikia mumewe akiapa gatini: asipovua chewa mweusi leo, boti anaiuza, na kuanzia kesho yeye ni mtu wa nyumbani. Amestaafu, lakini mdomo wake bado uko kazini. Majira ya baridi alishapanga upya kabati za jikoni mara mbili, akamfundisha mkewe kukaanga vitunguu.

Wavuvi walicheka. Borghild hutapika hata boti ikiwa imefungwa. Walisema leo ameandamana na mumewe, na kikapu kizito cha chakula, ili aione ndoano ikirudi tupu kwa macho yake.

"Chewa wa kawaida si ana udevu kidevuni?" Borghild aliuliza taratibu.

Torleif akamgeuza samaki. Kidevu kilikuwa laini kama cha mtoto.

"Na mapezi ya mgongoni si huwa matatu? Huyu naona mawili, tena yameachana. Ila mimi najua nini."

Torleif akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Nilikuwa nakupima tu, mama. Huyu ndiye chewa mweusi. Nilimjua tangu yuko chini, pima mia mbili na hamsini. Na hakupigana hata kidogo. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Ameujua mkono wa bwana."

"Haya, bwana," alisema Borghild, akijifuta mikono. Leo kutia chambo cha ngisi na kushusha mshipi ilikuwa kazi yake, maana mwenye mkono huo hapendi unuke ngisi.

Gatini Torleif alimtundika samaki na kusimulia hadi waliomsikiliza wakakumbuka shughuli zao.

"Boti haiuzwi," alitangaza. "Bahari ikitulia, mimi nimo, asubuhi hadi jioni, mpaka nife. Pole, mama."

"Nitazoea," alisema Borghild, akainamisha kichwa. Watu walimwonea huruma kweli.

Nyumbani alifunga mlango wa jikoni, akampigia simu dada yake.

"Marit, boti imepona. Mwakani nivulie mwingine, ila usimgandishe sana. Huyu nimemtia kwenye ndoano bado ana barafu mdomoni."