Shahidi wa Sura ya Tisa

Bwana wa ardhi wa serikali hakuja na kamba ya kupimia. Alikuja na riwaya.

Aliiweka mezani mbele ya mwalimu Grégoire, akagonga jalada lake kwa kidole. Mwandishi wake alikuwa na jina kubwa kuliko gavana yeyote. Ubelgiji nzima ilikuwa imemsoma, na mwaka huo wa 1951 masetla walikuwa wakiteremka Goma na kitabu chake sandukuni, kila mmoja akitafuta kile kilima kitupu cha sura ya tisa. Sasa mmoja alikuwa amekiona. Kilikuwa Burungu, kwao Grégoire.

"Mwandishi alifika pale wakati wa vita," alisema bwana wa ardhi. "Hakukuta bantu ba kukaa pale. Kama alidanganywa, munilete ule alimudanganya. Akikubali, atafungwa mu buroko miaka mbili, na kilima itabakia yenu. Siku ya tano njo ya mwisho."

Grégoire alipanda kwao na kitabu kwapani, ameona haya mpaka masikioni. Miaka minne alikuwa akiwasomea watoto imla kutoka sura za mwanzo za kitabu hicho, na kuwachapa waliokosea.

Mama yake, Mukasine, alitupa jembe chini.

"Hapana bantu? Na makaburi ya bakoko betu ba zamani? Wakati wa vita tulikuwa hapa! Kwa vilima vingine serikali iliandika banaume, ikababeba kwa nguvu Walikale kukamua mpira ya miti mu pori, bengine balikufa kule. Kwetu hakuna hata mumoja alibebwa."

Baba yake, Sebarenzi, aliliokota lile jembe, akalinyanyua juu.

"Unitafutie ule muongo, Grégoire. Nitamuvuta sikio miye mwenyewe mupaka mbele ya bwana wa ardhi. Aoze mu buroko!"

Grégoire alifurahi kusikia hivyo, maana hawakuwa na tumaini jingine. Alikaa mlangoni, akaanza kuwafasiria sura ya tisa pole pole.

Mwandishi alikuwa amepanda kilima asubuhi yenye ukungu. Alimkuta mtu mmoja tu, anakata mianzi kando ya njia. Akamwuliza ardhi hii ni ya nani. Yule mtu akacheka, akasema yeye ni mpita njia, huku hajapata kukaa mtu, ni nyati tu. Akamshika hata mkono kumshusha kwa njia nyingine. Mwandishi alimsifu ukurasa mzima: hakuwahi kukutana na Mwafrika mkweli kama yule.

"Na jina yake?" aliuliza Mukasine. "Soma jina!"

"Hakuandika jina, Mama."

Sebarenzi aliliweka jembe chini. Alisimama, akaanza kuvaa koti lake la kanisani.

"Ule muzungu alikuwa na kaye ya kuandikia mu mukono," alisema. "Nilizani anakuya kuandika majina ya banaume ba kubeba ku mpira."