Mtandao wa Wageni

Safari hii Latifu hakuiharibu yeye, na hilo ndilo lililomtoa jasho.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni ya Uwamwezi, simu mkononi, akitaka kurusha picha kutoka simu hadi kwenye kioo. Jina la televisheni halikutokea. Nyuma yake Sultani, kaka yake Uwamwezi, aliyefika jana kutoka Kigali, alikuwa akinywa chai na kumtazama. Sultani anashughulika na mitandao ya kompyuta. Si mtu wa kudanganywa kwa kugusagusa nyaya na kukunja uso.

Tuseme ukweli, maana Latifu mwenyewe ulimshinda kuusema. Hapa Kamembe mwanamume hapigi hodi kwa mjane hivi hivi. Majirani watamhesabia hatua kuanzia getini. Fundi mwenye mkoba wake, huyo hupita mchana kweupe na tena huombewa dua njema. Latifu alimpenda Uwamwezi tangu siku alipoitwa kumfungia waifai. Mdomo wa kulisema hakuwa nao. Mikono alikuwa nayo.

Basi akatumia mikono. Ruta ya waifai hiyo ilikuwa na mitandao miwili, wa nyumbani na wa wageni, na kilicho kwenye mmoja hakikioni kilicho kwenye mwingine. Mara mbili, kabla ya kuaga, Latifu alishika rimoti kama anayejaribu sauti, akaihamishia televisheni kwenye mtandao wa wageni. Simu za watu zikabaki kwenye ule wa nyumbani. Siku mbili hazikupita kabla hajaitwa tena, akaja na mkoba wake, akaketishwa, akapewa chai ya tangawizi yenye sukari vijiko vitatu. Uwamwezi hakuwahi kumuuliza vingapi, alikumbuka tu.

Aliyeumia ni mama yao, Maman Sultani. Macho yake yamechoka, na mawaidha anayotumiwa kwenye simu aliyapenda kwenye kioo kikubwa. Latifu alimwogopa bibi huyo. Kila akija, alimkuta kwenye kochi, tasbihi mkononi, rimoti chini ya mto, na hakuna siku aliyomwacha na Uwamwezi peke yao hata dakika moja. Neno alimpa mara moja tu.

"Fundi, haya majina mawili ni ya nini?"

Latifu akamweleza kwa adabu, pole pole, na rimoti mkononi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mambo ya batoto ba leo haiingie mu kichwa yangu," akasema, na kurudia tasbihi yake.

Ijumaa iliyopita dhamiri ilimbana. Alitoka msikitini, akaenda, akaitengeneza televisheni sawasawa, akaaga bila kuigusa rimoti. Aliondoka moyo ukimuuma, kwa sababu sasa hakuna ambaye angemwita. Wiki nzima simu ilinyamaza kweli.

Leo saa nne ikalia.

"Fundi, imekataa tena," Uwamwezi alisema. "Kaka yangu iko hapa, anasema ukuje, mutaiangalia wote wawili."

Na ndivyo ilivyokuwa. Latifu akafungua mipangilio, akakuta televisheni imekaa kwenye mtandao wa wageni. Akalisoma jina hilo mara ya pili. Au mkono umezoea wizi mpaka unaufanya bila yeye? Sultani akiona hapa, atauliza na zile mara mbili za kwanza zilikuwaje. Habari itafika sokoni kabla ya adhuhuri, na meza ya vitenge ya Uwamwezi iko pale pale sokoni. Kukosa kazi angevumilia. Kuitwa mwongo na yule mwanamke, hapana.

"Umepata?" Sultani aliuliza.

"Naangalia bado."

Sultani akaweka kikombe chini, akafungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake. Uwamwezi, aliyefunga meza mapema kwa ajili ya mgeni wake, alisimama mlangoni mwa jikoni, kando ya friji, akimtazama fundi kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomvunja Latifu. Heri aseme mwenyewe.

"Kaka Sultani," alianza, "niko na neno."

"Ngoja kwanza." Sultani alikuwa amekunja uso. "Hii haikuharibika. Muntu ndiye aliihamisha, kwa makusudi."

Latifu akafumba macho.

"Leo hii. Saa tatu na dakika kumi asubuhi."

Latifu akayafumbua. Saa tatu asubuhi yeye alikuwa Nkanka, juu ya paa la watu, anafunga dishi.

"Saa tatu mimi nilikuwa nimeteremka Cyangugu kusalimia mjomba," Sultani akasema taratibu. "Na wewe, dada?"

"Sokoni. Tangu saa moja."

Wote watatu wakageukia kochi. Maman Sultani alimaliza punje aliyokuwa ameishika, akatoa rimoti chini ya mto na kuiweka mezani, mbele ya Latifu.

"Nilingoja useme, kumbe wewe ukaanza kutengeneza muzuri," alimwambia. "Sasa kaka yake ndiye huyu, iko mbele yako. Utamuomba dada yake leo, ao niharibu na frigo?"