Landrova Iliyovuta Kushoto

"Inavuta tena," Anselmi alisema, na haikuwa sauti ya mtu anayelalamika. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa.

Kushoto kulikuwa na bonde, na mto uliofurika ukinguruma chini kabisa. Kulia, ukingo wa mlima ulikuwa unachuruzika maji. Barabara yenyewe ilikuwa tope tupu, ikitosha gari moja tu. Anselmi alikuwa ameukaza usukani upande wa mlima kwa mikono miwili, na bado landrova ilizidi kusogea upande wa bonde.

"Baba Esther, simamisha," alisema mkewe, Eufrazia, aliyebanwa katikati ya wanaume wawili.

"Haiwezi kuvuta," alisema Abasi, fundi kutoka Morogoro mjini, aliyekaa mlangoni upande wa bonde. "Kila kitu huko chini ni kipya. Nimefunga kwa mikono yangu mwenyewe."

Landrova ile ndiyo iliyokuwa ikishusha kabichi na wagonjwa kutoka Mgeta, milimani, hadi mjini. Anselmi alikuwa ameiinua kwa springi za lori ili tumbo lake lisigonge mawe. Mawe iliyapita, lakini vyuma vya usukani vilikaa mkao mbaya na vikalika upesi. Kwaresma iliyopita, kwenye kona moja mbaya, Anselmi alizungusha usukani ukazunguka bure, kama wa gari la kuchezea. Gogo ndilo lililowazuia, tairi moja likiwa hewani. Eufrazia aliapa hapandi tena. Mumewe hakuapa, ila tangu siku hiyo alipiga ishara ya msalaba kila aliposhika ufunguo.

Ndipo akampelekea Abasi gari. Abasi aling'oa vyote vilivyochakaa, akafunga vyuma vipya vya usukani: tairodi nene kuliko za mwanzo, boljointi mpya na boksi jipya la steringi. Hofu ya Anselmi ikahamia kwenye spea zenyewe. Tangu biashara ifanywe huria, maduka ya mjini yalikuwa yamejaa mali ya Dubai, nzima na feki zikiuzwa rafu moja.

"Kama huniamini, kaka, napanda nawe mpaka juu na kushuka," Abasi alimwambia. "Na tukishuka nitakaa upande wa bonde."

Kwa neno hilo hata Eufrazia alilegea. Binti yao Esther alikuwa amejifungua mjini, na yeye alikuwa hajamwona mjukuu.

Asubuhi, Anselmi na Abasi walipopanda kwenda kumchukua, safari ilikuwa njema. Usukani ulitii hata kwa kidole. Sasa wanashuka, mvua imekatika kidogo, na gari linataka kwenda bondeni.

Anselmi alisimamisha. Alivuta breki ya mkono, akatia gia, akazima. Walishuka wote. Abasi alisukuma jiwe chini ya kila tairi, akalala chali kwenye tope, akajivuta chini ya gari.

Walimsikia akitikisa vyuma, kimoja baada ya kingine.

"Imekaza!" alipiga kelele. "Njoo ushike mwenyewe, kaka. Haichezi hata kidogo."

"Umenifungia feki, Abasi."

"Wallahi sijakufungia feki."

"Basi kwa nini inavuta? Niambie! Ungeniua na mke wangu!"

Anselmi aliinama akamwona Abasi akianza upya kwenye nati ileile aliyokwisha kuijaribu, kana kwamba haamini tena kazi yake mwenyewe. Fundi mwenyewe alikuwa anaogopa.

Eufrazia alikuwa amesimama upande wa mlima. Aliposhuka garini alikuwa ameshika mzizi uliotokeza ukingoni, asije akateleza. Kisha aliuachia, akajifunga khanga vizuri. Aliponyoosha mkono kuushika tena, mkono haukuufikia.

Hakuwa amepiga hata hatua moja.

"Baba Esther," alisema polepole. "Gari linasogea."

"Limewekewa mawe, mama Esther."

"Nakwambia linasogea."

Anselmi alitazama tairi la mbele. Jiwe lilikuwa palepale, na tope lililoganda kwenye meno ya tairi lilikuwa vilevile; tairi halikuwa limezunguka. Alishika boneti. Ilikuwa imetulia. Akataka kumwambia mkewe kwamba hofu ndiyo inayomdanganya, kwamba hata yeye inamdanganya, lakini Eufrazia hakungoja. Aliinama, akamkamata Abasi miguu yote miwili, akamvuta kwenye tope kama anayeburuta gunia.

"Shemeji, ngoja, nati moja bado..."

"Acha nati! Pandeni juu! Shikeni mizizi!"

Kulikuwa na kitu katika sauti ile ambacho hakuna mwanaume angebishana nacho. Anselmi aliruka kwanza, akashika mzizi, akampa mkewe mkono. Abasi aliruka wa mwisho, spana bado mkononi. Mguu wake mmoja ulikosa pa kukanyaga, na Eufrazia alimdaka kwa kola ya ovaroli. Walipanda wakitambaa, kucha zikichimba udongo, hadi kwenye miti, na nyuma yao kitu kikawa kinakatikakatika kama nguo ngumu inayochanwa na watu wengi.

Walipogeuka, landrova ilikuwa bado imesimama wima, matairi yamenyooka, breki imeshika. Ilikuwa inateremka taratibu kuelekea mtoni, pamoja na barabara, migomba, na shamba zima la kabichi lililokuwa chini yake.